Kutuma Pesa kwa Benki ya Ng'ambo: Kagua Haya Kabla Hujaweka PIN

Ukituma pesa kwa nambari isiyofaa hapa Kenya, kwa kawaida unajua papo hapo. Jina usilolijua linatokea kwenye ujumbe, unapigia huduma kwa wateja, na kama mpokeaji hajaitoa, inaweza kuzuiwa kisha ikarudishwa kwako. Tumezoea hivyo, na ndiyo maana wengi wetu hubonyeza "tuma" bila wasiwasi mwingi.

Pesa inayoenda kwa akaunti ya benki ng'ambo ni mambo mengine. Ikishatoka, inapitia benki mbili, tatu au hata nne, kila moja ikiwa na sheria za nchi yake. Hakuna kitufe cha kuivuta irudi. Kosa la tarakimu moja linaweza kukuchelewesha wiki kadhaa, na hata pesa ikirudi, itarudi ikiwa imekatwa.

Habari njema ni kwamba makosa mengi unaweza kuyazuia wewe mwenyewe, kwa dakika kumi za kukagua kabla hujaweka PIN. Makala haya yanakuonyesha cha kukagua na sababu yake, iwe unalipia mtoto karo Uingereza, unanunua bidhaa Guangzhou au Dubai, au unalipa hospitali India.

Ni nini hasa kinachosafiri?

Hakuna noti inayopanda ndege. Kinachosafiri ni ujumbe kutoka benki moja hadi nyingine, unaosema: mlipe mteja fulani kiasi hiki, sisi tumeshakata kwetu.

Ujumbe huo mara nyingi hupitia mtandao wa SWIFT. Shirika hili liliundwa mwaka wa 1973 nchini Ubelgiji, likaanza kupitisha ujumbe mwaka wa 1977, na leo linaunganisha taasisi zaidi ya 11,000 katika nchi zaidi ya 200. SWIFT yenyewe haishiki pesa ya mtu. Ifikirie kama posta ya mabenki.

Sasa, benki ya Nairobi na benki ya Manchester huenda hazina akaunti zikiwa zenyewe kwa zenyewe. Hapo ndipo benki ya katikati inapoingia, yaani benki ya tatu ambayo zote mbili zinafanya kazi nayo. Dola za Marekani, kwa mfano, mara nyingi hupitia benki za New York hata kama unayemlipa yuko Dubai au China. Kila benki ya katikati inaweza kukata ada yake, kukagua majina, au kuuliza maswali kabla ya kuupitisha ujumbe.

Ukielewa hili, mengine yote yanaeleweka: kwa nini maelezo lazima yawe sahihi, kwa nini kiasi kinaweza kufika pungufu, na kwa nini haifiki siku hiyo hiyo.

Kutoka kwa simu yako kuna njia mbili

*Njia ya kwanza* ni kutumia huduma ya kutuma pesa ng'ambo iliyo ndani ya programu au menyu ya simu yako. Unachagua nchi, unachagua "akaunti ya benki", unajaza maelezo, na pesa inatoka kwenye salio lako moja kwa moja. Ni rahisi na inafaa kwa kiasi kidogo au cha kadiri. Lakini si kila nchi wala kila benki inafikiwa, kwa hivyo angalia kwanza kama benki unayotaka imo kwenye orodha.

*Njia ya pili* ni kuhamisha pesa kutoka kwa simu hadi akaunti yako ya benki hapa Kenya, kisha benki hiyo itume kwa SWIFT. Njia hii ina hatua zaidi, lakini inafaa kwa kiasi kikubwa na kwa malipo yanayohitaji hati.

Kumbuka kikomo. Kwa kawaida muamala mmoja wa pesa kwa simu hauzidi KSh 250,000, na salio la akaunti halizidi KSh 500,000. Tuseme chuo kinataka pauni 2,000 na pauni moja ni KSh 170 (huu ni mfano tu, angalia kiwango cha siku yako). Hiyo ni KSh 340,000. Haitoshei kwenye muamala mmoja. Ukiigawa mara mbili kuelekea benki yako ya hapa nyumbani, hakuna shida. Ukiigawa mara mbili kuelekea ng'ambo, utalipa ada mara mbili, na chuo kitapokea vipande viwili vya kuunganisha. Afadhali uikusanye kwanza kwenye benki, halafu itumwe mara moja.

Maelezo unayohitaji, na jinsi ya kuyasoma

Usijaze fomu kwa kukumbuka wala kwa kuambiwa kwa simu. Tumia ankara au barua rasmi, na unakili kutoka hapo. Kwa nchi yoyote ile, utahitaji:

- Jina kamili la mwenye akaunti, kama lilivyoandikwa benki. Kama ni kampuni, andika jina la kampuni, si la mtu wa mauzo unayechati naye.
- Anwani ya mpokeaji, angalau mji na nchi.
- Jina la benki na msimbo wa SWIFT, ambao pia huitwa BIC.
- Nambari ya akaunti au IBAN.
- Nambari ya marejeleo, yaani nambari ya mwanafunzi, ya mgonjwa au ya ankara.
- Sababu ya malipo: karo, bidhaa, matibabu au matumizi ya familia.

*Msimbo wa SWIFT* huwa na herufi na tarakimu 8 au 11. Nne za kwanza ni benki, mbili zinazofuata ni nchi, mbili ni mahali, na tatu za mwisho, zikiwepo, ni tawi. Chukua DEUTDEFF: DEUT ni Deutsche Bank, DE ni Ujerumani, FF ni Frankfurt. Kwa hivyo hata kama hujui benki za huko, unaweza kukagua kitu kimoja kwa macho: herufi ya tano na ya sita lazima zilingane na nchi ilipo akaunti. Uingereza ni GB, China ni CN, India ni IN, Falme za Kiarabu ni AE.

*IBAN* ni nambari ndefu ya akaunti inayotumika Ulaya, Ghuba na nchi nyingine nyingi. Huanza na herufi mbili za nchi, kisha tarakimu mbili za kukagulia. Kila nchi ina urefu wake: Uingereza na Ujerumani 22, Falme za Kiarabu 23, Saudi Arabia 24, Ufaransa 27. Ukihesabu ukapata 21 kwa Uingereza, umeruka kitu.

IBAN ya Uingereza ina siri moja nzuri: ndani yake mna maelezo yote ya akaunti. Tazama mfano huu wa kufundishia (usitume pesa huko): GB29 NWBK 6016 1331 9268 19. Baada ya GB29 kuna NWBK, ambayo ni benki. Tarakimu 6 zinazofuata, 601613, ni nambari ya tawi, ile utaona imeandikwa "sort code" kwenye ankara. Tarakimu 8 za mwisho, 31926819, ni nambari ya akaunti. Kama ankara imetaja vyote vitatu, linganisha. Visipolingana, simama hapo na uulize.

Tarakimu mbili za kukagulia husaidia kompyuta kugundua kwamba umekosea kuandika. Lakini haziwezi kujua akaunti ni ya nani. IBAN inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikawa ya mtu mwingine.

*Nchi zisizotumia IBAN* zina nambari zao:

- Marekani: nambari ya akaunti pamoja na "routing number" ya tarakimu 9.
- India: nambari ya akaunti pamoja na msimbo wa IFSC wenye herufi na tarakimu 11.
- Kanada: nambari ya akaunti, nambari ya tawi ya tarakimu 5 na nambari ya benki ya tarakimu 3.
- Australia: nambari ya akaunti pamoja na BSB ya tarakimu 6.
- China: nambari ya akaunti, msimbo wa SWIFT, na jina la kampuni herufi kwa herufi.

Kenya pia haitumii IBAN. Kama mtu wa Ulaya anataka kukutumia pesa na anasisitiza umpe IBAN yako, mwambie benki za Kenya hutumia nambari ya akaunti na msimbo wa SWIFT.

Nani atalipa makato ya njiani?

Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Unatuma kiasi kamili, kisha unaambiwa kimefika pungufu. Hujaibiwa. Ni yale makato ya benki za katikati na ya benki inayopokea.

Kwenye fomu utakutana na herufi tatu:

- OUR: wewe mtumaji unalipa makato yote. Gharama yako inapanda, lakini lengo ni mpokeaji apate kiasi kamili.
- SHA: mnagawana. Wewe unalipa ada ya benki yako, na makato mengine yanatolewa kwenye pesa inayosafiri.
- BEN: makato yote yanatolewa kwenye pesa ya mpokeaji.

Tuseme chuo cha Uingereza kinataka malipo ya kwanza ya pauni 2,000. Umechagua SHA, na njiani zimekatwa pauni 20. Chuo kimepokea 1,980. Kwako wewe umelipa. Kwa mfumo wa chuo, mwanafunzi bado ana deni la pauni 20.

Vyuo vingi vya huko hungoja malipo hayo ya kwanza yakamilike ndipo vitoe CAS, ile hati ambayo mwanafunzi lazima awe nayo ili aombe viza. Kwa hivyo pauni 20 zinaweza kusukuma viza nyuma, huku tarehe ya kufungua chuo haisogei.

Kwa karo, hospitali na ankara yoyote inayotaka kiasi kamili, chagua OUR ikiwa unaruhusiwa kuchagua. Kama huduma unayotumia haikupi nafasi hiyo, uliza kabla ya kutuma: mpokeaji atapata kiasi gani hasa? Kwa kumtumia ndugu pesa ya matumizi, SHA inatosha, mradi mmeelewana.

Ada si gharama pekee

Watu hulinganisha ada na kusahau kiwango cha ubadilishaji, ilhali pesa nyingi zaidi inaweza kupotelea hapo.

Endelea na pauni zetu 2,000. Kampuni A haitozi ada na inakuuzia pauni kwa KSh 175. Kampuni B inatoza ada ya KSh 3,000 na inakuuzia kwa KSh 171. Kwa A utalipa KSh 350,000. Kwa B utalipa 342,000 pamoja na 3,000, jumla KSh 345,000. Ile ya "bila ada" imekuzidishia KSh 5,000.

Kwa hivyo swali la kuuliza kila mahali ni moja tu: ili mpokeaji apate kiasi hiki kamili, mimi nitatoa shilingi ngapi kwa jumla?

Pia tuma kwa sarafu iliyo kwenye ankara. Ukituma dola kwa akaunti ya pauni, shilingi zako zitabadilishwa kuwa dola hapa, kisha dola zibadilishwe tena kuwa pauni kule, kwa kiwango ambacho hukukichagua.

Itachukua siku ngapi?

Kwa SWIFT, tarajia siku 1 hadi 5 za kazi. Kuna malipo yanayofika siku hiyo hiyo, lakini usipange maisha yako ukitegemea hilo.

Angalia saa. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa 2 au 3, kutegemea msimu, na New York kwa saa 7 au 8. Guangzhou iko mbele kwa saa 5: ikifika saa sita mchana Nairobi, huko tayari ni saa kumi na moja jioni. Angalia pia wikendi na likizo. Falme za Kiarabu hupumzika Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, lakini Saudi Arabia hupumzika Ijumaa na Jumamosi. China hufunga siku kadhaa kuanzia Oktoba 1, na tena wakati wa mwaka wao mpya. Na kama unatuma dola, sikukuu ya Marekani inaweza kukuchelewesha hata kama humjui Mmarekani yeyote.

Kama tarehe ya mwisho ni Ijumaa, usitume Alhamisi. Tuma wiki moja au zaidi kabla.

Stakabadhi: usizione kama usumbufu

Sheria ya zamani ya kudhibiti fedha za kigeni ilifutwa Kenya mwaka wa 1995, kwa hivyo una haki ya kutuma pesa yako nje. Lakini benki ina wajibu wa kujua inakwenda wapi na kwa nini. Malipo yakizidi dola 10,000 lazima yawe na hati za kuyathibitisha, na hata kwa kiasi kidogo unaweza kuulizwa.

Weka tayari kitambulisho au pasipoti, PIN ya KRA, na hati ya malipo yenyewe: barua ya chuo, ankara ya bidhaa au makadirio ya hospitali. Usigawanye malipo makubwa vipande vidogo ili kukwepa maswali. Mifumo ya benki hugundua mtindo huo, na pesa ambayo ingepita kwa karatasi moja inaishia kuzuiwa.

Kama pesa haijafika

Usitume tena. Fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Hesabu siku za kazi, si siku za kalenda.
2. Omba kwa aliyekutumia malipo nakala ya ujumbe wa SWIFT. Wengi bado huiita MT103, ingawa tangu Novemba 2025 mabenki yamehamia mfumo mpya wa ujumbe.
3. Omba pia nambari ya ufuatiliaji inayoitwa UETR. Ina herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari, na benki huitumia kuona malipo yamefika wapi.
4. Mpe mpokeaji nakala hiyo aipeleke benki yake. Mara nyingi pesa imeshafika, ila nambari ya mwanafunzi au ya ankara haikuandikwa, kwa hivyo hakuna anayejua ni ya nani.

Ukigundua umekosea nambari, piga simu mara moja, hata kama ni usiku. Kama ujumbe haujaondoka, unaweza kusimamishwa. Ukishaondoka, benki itatuma *ombi* la kurudishiwa. Kama akaunti haipo, pesa kwa kawaida hurudi ikiwa imetolewa makato. Lakini kama ipo na imeshaingia kwa mtu mwingine, kwa kawaida lazima mtu huyo akubali. Na hata akikubali, itabadilishwa tena kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo.

Usitegemee benki ya huko ikukagulie jina. Uingereza ilianza mfumo wa kulinganisha jina na akaunti mwaka wa 2020, na nchi zinazotumia euro mwaka wa 2025, lakini mifumo hiyo ni ya malipo ya huko kwa huko. Ukituma kutoka Kenya, wewe ndiwe mkaguzi.

"Tumebadilisha akaunti": ujumbe wa kuogopa

Huu ndio ulaghai unaowaumiza zaidi wafanyabiashara. Mlaghai anaingia kwenye barua pepe ya muuzaji wako na kusoma mazungumzo yenu kimya kimya. Malipo yakikaribia, unapokea ankara ile ile, nembo ile ile, lugha ile ile. Kilichobadilika ni nambari ya akaunti tu. Sababu huwa nzuri: ati benki yetu inafanyiwa ukaguzi, ati tumefungua akaunti mpya.

Ukipata ujumbe kama huo, usiujibu. Mpigie muuzaji kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe mpya, na umwombe akusomee nambari ya akaunti. Tazama pia zile herufi mbili za nchi. Kama kiwanda kiko Guangzhou na akaunti mpya iko Ulaya, au jina limebadilika kutoka kampuni hadi mtu binafsi, usitume.

Kama umeshatuma, saa za kwanza ndizo muhimu. Pigia benki au huduma kwa wateja, sema neno "ulaghai" waziwazi, kisha uripoti kwa polisi au DCI upate nambari ya OB. Benki ya huko inaweza kuitaka kabla ya kuzuia akaunti.

Dakika kumi za mwisho

Kabla hujaweka PIN, soma orodha hii ukiwa na ankara mkononi:

- Jina ni la mwenye akaunti, herufi kwa herufi?
- Nimehesabu urefu wa IBAN, au nimeweka nambari inayotumika nchi hiyo?
- Herufi za nchi kwenye msimbo wa SWIFT zinalingana na ilipo akaunti?
- Nambari ya marejeleo ipo?
- Sarafu ni ile iliyo kwenye ankara?
- Najua nani analipa makato, na mpokeaji atapata kiasi gani?
- Zimebaki siku za kazi za kutosha kabla ya tarehe ya mwisho?
- Kama akaunti ni mpya, nimeithibitisha kwa kupiga simu?

Halafu mpe mtu mwingine wa nyumbani au dukani akusomee nambari kwa sauti huku wewe ukiangalia skrini. Macho yaliyoandika kosa mara nyingi hayalioni.

Kama ni mara yako ya kwanza kulipa akaunti hiyo na muda unaruhusu, tuma kiasi kidogo kwanza, ngoja mpokeaji athibitishe, ndipo utume kilichobaki. Utalipa ada mara mbili, ndiyo. Ukilinganisha na karo ya mwaka mzima au kontena la bidhaa, ada hiyo ni ndogo.

Ukikwama, piga simu huduma kwa wateja kwa nambari iliyo ndani ya programu yako. Tutakuuliza nambari ya muamala na tarehe. PIN yako hatutakuuliza kamwe.